Mhariri, ziacheni fremu zisizo na maneno

Ndugu Mhariri,

Mmefanya jambo jema kutangaza kwamba mtatenga ukurasa wa toleo la Jumamosi kwa katuni zinazochorwa na wasomaji, zikiwemo zile za mashabiki wanaowachora upya wahusika wanaowapenda. Vijana wa hapa Ngamiani, Tanga, walilikata tangazo lenu na kulibandika ukutani mwa duka langu, juu ya mashine ya kopi, na tangu hapo hawana mazungumzo mengine. Lakini katika masharti yenu kuna moja linalosema kila fremu iwe na maneno ili msomaji aelewe. Nawaandikia kwa ajili ya sharti hilo tu. Naomba mliondoe.

Mimi ni mama mwenye duka la steshenari jirani na shule ya sekondari. Wanafunzi wanakuja kutoa kopi za noti na mitihani ya nyuma, na baadhi yao wanakuja na katuni zao. Karatasi mbili za A4 zikichapwa pande zote, zikakunjwa katikati na kubanwa kwa stepla, zinatoa kijitabu cha kurasa nane, na kijitabu hicho kinazunguka darasa zima mpaka pembe zake zinachakaa. Wahusika wengi ni wa anime, zile filamu za katuni za Kijapani wanazotazama kwenye simu. Wengine ni wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Wapo pia wanaochora mashujaa wa hadithi zetu za pwani, na hao nitawarudia. Nami nachora tangu usichana wangu, tulipokuwa tukimwiga Kipepe na wenzake wa gazeti la katuni la Sani nyuma ya madaftari ya hesabu. Kurasa za vijana hawa zinapita mikononi mwangu moja moja nikizilaza kwenye kioo cha mashine, kwa hiyo nazisoma zote, na nawaona pia wanaozisoma wakisubiri zamu yao. Pale wanaponyamaza, wakarudi nyuma ukurasa mmoja, wakatazama tena, mara nyingi ni kwenye fremu ambayo hakuna anayesema kitu.

Tujiulize shabiki anachora nini hasa. Mwenye hadithi ameshasimulia vita, safari, usaliti na ushindi. Shabiki hana haja ya kuvirudia. Anachora kile kilichopitwa haraka. Wahusika wawili walitazamana kidogo kabla ya kuachana, hadithi ikaendelea na mambo yake, shabiki akabaki palepale. Analala akijiuliza yule alikuwa anataka kusema nini, na kwa nini hakusema. Kesho yake anachukua penseli. Ukimlazimisha ajaze maneno kila fremu, unamtaka alijibu kwa mdomo swali ambalo ndilo lililomtia hamu ya kuchora.

Niwape mfano wa ukurasa mmoja. Umechorwa na binti wa kidato cha tatu, nimeomba ruhusa yake kuueleza. Aliwachukua marafiki wawili wa anime moja, waliokua pamoja kisha wakageuka maadui, akawaweka kwenye stendi ya mabasi ya Kange. Fremu ya kwanza ni pana: benchi refu, mmoja amekaa mwisho wake, begi liko pembeni yake, na mwenzake amesimama ukingoni mwa picha kama anayejiuliza kama apite au asimame. Fremu ya pili ni mkono tu, umeshika mkanda wa begi. Ya tatu, begi liko chini, katikati ya miguu. Ya nne ni mahali begi lilipokuwa: mbao za benchi na kivuli tu. Ya tano tunawaona wote wawili kwa nyuma, wamekaa, na kati yao imebaki nafasi ya mtu mmoja.

Kijana aliyekuwa akisubiri kopi zake aliuchungulia akasema, "Kamsamehe." Mwenzake akakataa: "Hajamsamehe, kampa pa kukaa tu." Wakabishana mpaka mashine ilipomaliza, wakatoka wakiendelea kubishana barabarani. Binti huyohuyo alikuwa na rasimu ya mwanzo ya ukurasa ule ambayo mwenye begi anasema, "Kaa hapa, nimekukumbuka." Niliiona. Ilichorwa vizuri vilevile. Ila hakuna aliyebishana juu yake, maana hapakuwa na kitu cha kubishania, mchoraji alishawamalizia.

Tazameni jinsi alivyofanya kazi. Hakuchora chozi. Hakuchora hata uso kwa karibu. Mapenzi na kinyongo cha watu wawili amevipitisha kwenye begi na ubao wa benchi, na kwenye ile nafasi ya mwisho ambayo ni nyembamba kuliko ya mwanzo lakini bado ipo. Nafasi ile ndiyo hadithi yenyewe. Angewagusanisha mabega, angetwambia yamekwisha. Angeacha benchi zima kati yao, angetwambia hayana dawa.

Kuna sababu nyingine ya kifundi inayonifanya niwashauri vijana wasitegemee machozi. Mashine ya kopi haibebi kijivu. Ukitia kivuli cha penseli laini chini ya macho ili uso uonekane wa huzuni, kopi ya kwanza inakipunguza, na kopi ya kopi ama inakifuta kabisa au inakigeuza doa jeusi, mtu akaonekana kama amepigwa ngumi. Kinachobaki salama ni mstari: shingo imeinama kiasi gani, bega lipi limeshuka, kidole kimekunjwa au kimenyooka, mtu na mtu wametengana kwa umbali gani. Karatasi ya gazeti nayo, ninavyoijua, inakunywa wino na kuutawanya. Kwa hiyo mchoraji anayejua kusema kwa mstari na nafasi atawafaa ninyi kuliko yule anayesema kwa kivuli.

Wengi wa vijana hawa wamejifunza alama za hisia kutoka kwa Wajapani: tone kubwa la jasho kichwani kwa mtu aliyefedheheka, mistari myembamba mashavuni kwa aliyeona haya, mshipa uliojikunja kwenye paji la uso kwa aliyekasirika. Kwao hiyo ni lugha wanayoisoma bila kufikiri. Kwa msomaji wenu wa makamo, tone lile ni jasho tu. Siwakatazi kulitumia, lakini kila mara nawaambia: angalieni nyumbani kwenu kwanza. Mtu akishika tama, mkono shavuni, nani hapa pwani hajui kinachomsibu? Sisi tulipokuwa wadogo tukishika tama tulikemewa, tukaambiwa tunaita msiba. Msichana anayechorachora chini kwa kidole cha mguu wakati mgeni anaongea na mama yake. Mwanamke anayeng'ata ncha ya mtandio. Mzee anayeendelea kuhesabu tasbihi huku mwanawe amesimama mbele yake akingoja jibu. Mke aliyeweka chai mezani akageuka bila kuimimina. Kuna mkwe anayeinamisha macho, na hapo lazima mchoraji awe mwangalifu, kwa sababu kwetu macho yaliyoinama mbele ya mkubwa ni adabu, wala si hatia. Ukitaka aonekane ana hatia, utafute njia nyingine: mwache atazame mlango.

Haya hayakugunduliwa Ngamiani, wala Japani peke yake. Karibu miaka 100 iliyopita huko Urusi, mtengenezaji filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usioonyesha lolote, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Watazamaji wakaona njaa, wakaona majonzi, wakaona matamanio. Uso ulikuwa ni uleule. Kila hisia waliyoiona waliileta wao wenyewe, kutokana na kilichowekwa jirani na ule uso. Mchora katuni ana uwezo huohuo, tena kwa bei ya penseli. Chora uso mtulivu, fremu inayofuata chora ndara za mtoto mlangoni, jozi moja. Usiandike kitu. Msomaji atamaliza.

Mmarekani Scott McCloud aliandika juu ya jambo hili mwaka 1993, akiieleza ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu kuwa ndipo msomaji anapofanya kazi yake. Alizihesabu pia namna ambazo fremu moja inahamia nyingine, akaona kwamba katuni za Kijapani, tofauti na za Marekani, zinatumia sana fremu zinazokaa mahali pamoja bila tukio kusogea: wingu, kikombe, dirisha, mkono. Vijana wetu wamezinywa fremu hizo tangu utotoni. Sharti lenu, likibaki lilivyo, litawataka waandike maneno juu ya wingu.

Na kwa kuwa baadhi ya watu wanaziona katuni za mashabiki kama mchezo wa watoto, nitaje jambo moja. Tarehe 21 Desemba 1975, jijini Tokyo, lilifunguliwa soko dogo la vijitabu vya katuni vinavyochapishwa na wapenzi wenyewe. Vikundi vilivyouza vilikuwa 32, na waliokuja walikuwa kama 700, wengi wao wasichana wa shule. Walivutwa hasa na kazi za wachoraji wanawake wa wakati ule, kina Moto Hagio, aliyezaliwa mwaka 1949, ambao walivunja mipaka ya fremu, wakaacha mawazo ya mhusika yaelee ukurasani bila kiputo, ule mviringo wa kuandikia maneno, wakaujaza ukurasa kwa macho, nywele na maua ili msomaji ajue moyo wa mtu ambaye hajafungua mdomo. Soko lile, Comiket, leo linafanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, na linakusanya watu kwa laki. Hata sasa humo ndani kuna vijitabu vilivyotolewa kopi na kubanwa kwa mkono, kama hivi vya dukani kwangu.

Sasa niwarudie wanaochora mashujaa wetu, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Vijana wanampenda Liyongo. Wanamchora na upinde wake, wanamchora na minyororo na mkate uliofichwa tupa ya kuikatia, wanamchora kifua kama mlango wa Kiswahili, kipana na kimejaa nakshi. Yote sawa. Lakini kitu kinachoniuma katika hadithi ile, na nadhani kinawauma wengi walioisikia kwa bibi zao, ni usiku ule kati ya baba na mwana.

Kama nilivyosimuliwa mimi, mshale haukumdhuru Liyongo wala mkuki. Maadui zake wa kisiwa cha Pate wakamtumia mwanawe, wakamwahidi kumwoza binti wa mfalme. Kijana akaenda kwa baba yake akamwuliza ni kitu gani kinaweza kumwua. Baba akajua kwamba mwanawe ametumwa. Akajua, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akarudi na sindano, akangoja baba yake alale.

Mhariri, baba anajua. Mwana hajui kama baba anajua. Wanakula pamoja, wanaongea mambo ya kawaida, na kitu kikubwa kuliko vyote kimekaa kati yao juu ya mkeka. Utakichoraje hicho kwa maneno? Kijana mmoja aliniletea ukurasa ambao mwana amesimama juu ya baba yake aliyelala, mkono uko juu, na kiputo kikubwa kimeandikwa, "Baba, nisamehe!" Nikamwuliza, anamwambia nani? Maana kama anasema kweli, baba ataamka. Akakaa kimya, akaondoka nao, akarudi siku nyingine na mkono uleule, sindano ileile, lakini safari hii ameongeza fremu ndogo ya mguu wa mwana: vidole vimejikunja, vimeishika sakafu kama mtu anayeogopa kuteleza. Kiputo hakipo. Nilisisimka.

Na mimi nimo katika kuuchora usiku huo. Ukurasa wa kwanza wanakula sinia moja. Sionyeshi sura. Mkono wa baba unasogeza mnofu wa samaki upande wa mwana, kama wazazi wote wanavyofanya. Fremu inayofuata mkono wa mwana umesimama hewani juu ya wali. Kisha mwana anashika birika ili amnawishe baba yake, kama inavyompasa mdogo, na maji yanajaa bakuli, yanafurika, yanamwagika kwenye mkeka, kwa kuwa macho ya mwana yako kwingine. Baba hamwambii basi. Ameacha mikono yake pale, chini ya maji. Ukurasa wa mwisho kabla ya usingizi, upinde ambao katika kurasa zote za nyuma ulikuwa ubavuni kwake, sasa umetundikwa ukutani, na yeye amelala chali.

Hakuna neno hata moja katika kurasa hizo, na nimezionyesha kwa watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha katuni, wauza samaki wa soko la Deep Sea na mafundi cherehani wa barabara yetu. Wanaoijua hadithi wananyamaza wanapofika kwenye maji. Wasioijua wanauliza, "Huyu baba, amejua nini?" Swali hilo linanitosha.

Na hadithi yenyewe, ukiiangalia, inaishia kwenye mwili usiosema. Liyongo amekufa amepiga goti karibu na kisima, upinde ameuvuta, na watu wa mji wanakosa maji kwa sababu wanaogopa kusogea. Wanauona ule mkao wanausoma kuwa ni ghadhabu, na mama yake analetwa ambembeleze mtu aliyekwisha kufa. Shabiki akiandika pale "Amekufa!" juu ya kichwa cha Liyongo, amewanyima wasomaji hofu ya watu wa Pate.

Sisemi maneno yafutwe. Kuna maneno yasiyotoka mdomoni ambayo katuni ya kwetu inayahitaji, na hapa tuna hazina ambayo wengine hawana. Mwanamke amempa mtu mgongo, anaondoka, hasemi kitu, na ukingo wa kanga yake unasomeka, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Nani atahitaji kiputo tena? Nawaomba wachoraji wenu waitazame kanga kwa jicho hilo, na waandishi wa masharti pia.

Naelewa hofu yenu ni kwamba msomaji hatafahamu. Lakini msomaji huyohuyo akienda harusini anajua nani kanuna kwa kuona nani hakuinuka kutunza. Anajua ndugu wawili hawaelewani kwa kuona walivyokaa msibani. Amezoea kusoma watu maisha yake yote. Hatashindwa kwenye karatasi.

Haki za wenye wahusika ni jambo lingine, nanyi mna wanasheria wenu. Mimi nasema tu kwamba wahusika wa hadithi za kale hawana wa kuwashtaki, na mnaweza kuanza na hao.

Mkikubali kuliondoa sharti, nina maombi madogo mawili yanayoambatana nalo. La kwanza, msizibane fremu nyingi katika robo ya ukurasa. Jicho likichapwa dogo kama punje ya mtama halitaonyesha kama limetazama au limekwepa, na hapo mtakuwa mmeua kazi hata bila sharti. Afadhali fremu tano kubwa kuliko kumi na mbili. La pili, na hili nalisisitiza: mezani kwenu mtu akiona fremu tupu asijaze maneno yake kwa nia njema. Ampigie mchoraji amwulize. Kama ana haraka, awaonyeshe watu wawili wa ofisini ambao hawajaiona, awasikilize wanavyoisimulia. Wakitofautiana kidogo kama wale vijana wa benchi la Kange, ichapeni. Wakishindwa kabisa kusema nani ni nani na yuko wapi, irudisheni kwa mwenyewe, na mwambieni ni fremu ipi iliyowapoteza.

Kurasa zangu za Liyongo nitazituma kabla ya tarehe mliyoweka. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli kinachotokea, kwa faida ya meza ya uhariri tu. Naomba maandishi hayo yabaki huko nyuma.

Wenu katika kazi,
Mama Steshenari,
Ngamiani, Tanga